Kamera haipigiwi kelele: nilivyotoka kwenye maigizo ya sokoni Mwanza mpaka kupiga filamu yangu mwaloni

Siku ya kwanza nasimama mbele ya kamera nilikuwa tayari nina miaka sita ya kuigiza, yaani sikuwa mgeni hata kidogo, nimeshacheza sokoni Igoma, nimecheza Buzuruga, nimecheza Viwanja vya Furahisha, nimepelekwa mpaka Magu na Misungwi kucheza juani saa saba mchana, kwa hiyo nilijiamini kabisa. Dairekta akasema eksheni, nikatoa laini yangu ya kwanza, "Baba Rehema, hela ya ada iko wapi?" na yule kijana wa sauti akazivua hedifoni zake kwa mikono miwili kama mtu aliyechomwa masikioni. Dairekta akanifuata taratibu akaniambia dada yangu, huyo Baba Rehema amekaa hatua mbili kutoka ulipo, mbona unamuita kama yuko ng'ambo ya ziwa, Kamanga?

Tulirudia ile laini mara kumi na nne. Kila nikishusha sauti inashuka na kila kitu kingine, nakuwa kama mtu anasoma tangazo la msiba. Nikarudi nyumbani najiuliza kama miaka sita yote nilikuwa najifunza kitu ambacho hakina kazi tena.

Nataka nieleze kwa nini nilikuwa napiga kelele, maana wengi wanaotoka kwenye maigizo wanaambiwa tu "punguza, punguza" na hakuna anayewaambia wanapunguza nini. Kundi letu lilikuwa la watu 11, wa Mabatini na Igogo, niliingia 2006 nikiwa na miaka 17. Jukwaa hatukuwa nalo, jukwaa letu lilikuwa duara. Tunafika sokoni, vijana wanaanza bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe, majembe yanarushwa juu yanadakwa, ngoma inalia, watu wanaacha walichokuwa wanafanya wanakuja, watoto wanakaa chini mbele, duara likishajaa ngoma inakatwa ghafla na igizo linaanza hapo hapo kabla watu hawajapoa. Maiki hamna. Kushoto kuna mashine ya kusaga, kulia konda anaita Kisesa Kisesa, na wewe inabidi yule mama aliyekaa mwisho kabisa na beseni lake la nyanya aelewe kwamba mumeo amekula hela ya ada. Basi sauti inatoka tumboni, mkono unapanda juu, uso wote unafanya kazi. Na kwa kuwa ni duara kuna watu nyuma yako, kwa hiyo hata mgongo unaigiza, ukikasirika mabega yakasirike nayo.

Sasa kamera haikai kule mwisho na beseni la nyanya. Kamera inakuja yenyewe mpaka usoni kwako. Yule dairekta, Mungu ambariki, siku ya pili aliniita akanionyesha kwenye kiskrini nilichofanya jana yake, na nikaona nyusi zangu zikipanda zinachukua picha nzima, hakuna mtu mwingine anayeonekana, hakuna chumba, ni nyusi tu. Akaniambia kitu ambacho mpaka leo nawaambia wote ninaowaongoza: usipunguze nguvu, ihamishe. Ile nguvu uliyokuwa unamrushia mama wa mwisho kule, mpe huyu aliye mbele yako, yote, usibakize. Mtazame mpaka ujue ana kovu wapi. Nikafanya hivyo, nikamwangalia yule kaka niliyekuwa nacheza naye, nikaona jasho limekaa juu ya mdomo wake na yeye mwenyewe anaogopa, na ile "hela ya ada iko wapi" ikatoka ndogo, yenyewe, bila mimi kuishusha. Kijana wa sauti akanyoosha dole gumba.

Lakini kuna kitu kingine cha maigizo ya mtaani ambacho ilinichukua miaka mingi zaidi kuelewa kwamba nilitakiwa kukibeba kuja nacho, na hicho ndo hasa kimenifanya niandike.

Sisi hatukuwa tunaandika igizo nyumbani halafu tunalipeleka kwa watu. Mwalimu wetu, mzee mmoja aliyesomea sanaa za maonyesho, alikuwa mkali sana kwa hilo. Alitusimulia kuhusu Malya, hapa hapa mkoani kwetu, Kwimba, kwamba mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuja walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, wakakaa na wanakijiji kuzungumzia mabinti waliokuwa wanapata mimba shuleni, na igizo likatoka kwa wanakijiji wenyewe, kwa ngoma zao. Kwa hiyo na sisi ilikuwa hivyo hivyo, mnaenda sehemu mnakaa kwanza, mnauliza, mnasikiliza, usiku mnachambua mliyosikia, mnatengeneza igizo, mnalicheza, na pale linapofika kwenye kidonda mnalisimamisha. Mmoja anageuka anauliza watu, jamani huyu mama afanyeje? Na hapo ndo kazi inaanza kweli, kwa sababu watu wanajibu. Nakumbuka kijiji kimoja Magu mama mmoja aliinuka, akajifunga kanga yake upya kiunoni, akaingia ndani ya duara akamsukuma mwenzetu pembeni akasema "wewe hujui kuwa mke, kaa uone," akaicheza ile nafasi yeye mwenyewe, na mume wake alikuwa amesimama pale pale kwenye umati.

Posho zilikuwa zinatoka kwenye miradi, ukimwi, malaria, maji safi. Mradi ukiisha kundi linalala. Kufikia 2011 tulikuwa tumebaki wanne.

Halafu ikaja Bongo Movie, na watu wa kanda ya ziwa tulikuwa na sababu yetu ya kuamini, maana Kanumba, yule muigizaji, alikuwa mtoto wa Shinyanga, jirani kabisa. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 mtaani kwetu watu walilia kama msiba uko nyumba ya pili. Miezi mitatu baadaye nikapanda basi kwenda Dar. Sitaongea sana kuhusu Dar, nilikaa miezi kumi na moja, nikacheza dada wa kazi mara nne na nesi mara moja, nikalipwa kazi mbili kati ya tano, nikarudi. Nilichopata kule ni kuona seti inavyoendeshwa, nani anafanya nini, kwa nini kontinuiti, yaani kuhakikisha vitu havibadiliki kutoka picha moja hadi nyingine, ni kazi ya mtu mmoja mwenye daftari asiyefanya kitu kingine, na nilijifunza kuediti kwa kukaa nyuma ya edita mmoja usiku mpaka akazoea kuniona.

2014 nikatengeneza filamu yangu ya kwanza hapa Mwanza na nilifanya kila kitu kama nilivyoona Dar. Nikaazima nyumba Capri Point yenye sofa kubwa na pazia zito, nikaazima gari, nikaandika stori ya tajiri na wanawake wawili, nikawavalisha watu suti. Hakuna hata mtu mmoja kwenye ile filamu aliyekuwa anaishi maisha ninayoyajua mimi. Sauti ilikufa, upepo wa ziwani ule wa mchana uliingia kwenye maiki mpaka unasikia kama mtu anapuliza chupa, ndani nako friji inanguruma na sikujua kwamba unatakiwa kuizima kabla ya kila teki, yaani kila mara unaporekodi, na ukishaizima weka funguo za gari ndani yake ili usisahau kuiwasha ukiondoka (hiyo nilifundishwa baadaye, samaki wa watu wasiharibike). Kwenye kuediti nikakuta sini, yaani kipande cha filamu, ya chakula cha usiku ambayo glasi inajaa na kupungua yenyewe.

Hata hivyo niliipeleka kwa msambazaji mmoja Kariakoo. Akaangalia dakika tano, akauliza kwa nini kwenye kava hamna sura inayojulikana, na akasema yule bibi anayeongea na lafudhi ya Kisukuma atolewe au aingiziwe sauti ya mtu mwingine. Akanipa mkataba kurasa tatu. Nilisaini nimesimama, nina nauli ya kurudi tu mfukoni, sikusoma. Ukurasa wa pili ulikuwa unasema nampa haki zote, nchi zote, milele. Akanilipa nusu, nusu nyingine hadi leo sijaiona, na ile filamu ipo mtandaoni kwenye chaneli ambayo siijui ni ya nani na siwezi kudai hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ungeweza kusajili kazi yako kabla hujampa mtu hata promo, mimi sikujua. Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hapa ukiwa na skripti yako mkononi, kama hujasoma kurasa zote usisaini, na kama huelewi lugha yake mpe mtu anayeelewa, hata ukimlipa, ni bei rahisi kuliko niliyolipa mimi.

Nikaacha. Miaka kadhaa sikugusa kamera. Nilienda kwa mama mdogo wangu anayefanya biashara ya dagaa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Igombe, nikawa naanika naye.

Kama hujawahi kuliona ziwa usiku wa giza nikuambie linavyokuwa. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, dagaa zinafuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali hamna kazi, mwanga unatawanyika, wanasubiri kipindi cha giza. Zamani zilikuwa karabai, sa hivi wengi wana taa za sola zinazoelea. Basi mwezi ukishaondoka unakaa ufukweni saa nne usiku unaona mbele yako kama kuna mji, taa mamia, zinapanda na kushuka na maji, na hakuna hata moja ya nchi kavu. Alfajiri mitumbwi inarudi, wanawake wameshajipanga na mabeseni, bei inapigwa kwa ndoo, na hapo hapo unakimbia kuanika kwa sababu jua halikusubiri. Mvua ikinyesha mchana dagaa zikiwa chini, umekwisha. Zinashikana, zinabadilika rangi, zinaanza kunuka harufu tofauti, na aliyekuwa anauza chakula cha watu anauza chakula cha kuku kwa bei ambayo hairudishi hata hela ya ndoo.

Mwaka 2021 nikaona mama mmoja pale mwaloni, mkopo wake ulikuwa wa kausha damu, ule wa riba kali, rejesho kila siku ya Jumatatu, mvua ilimpiga Ijumaa. Nilikaa naye Jumamosi yote. Usiku nikatafuta daftari, nikaanza kuandika, ikawa ni mara ya kwanza tangu Kariakoo.

Ila hapo ndo nikakumbuka mwalimu wetu na Malya. Nikafunga daftari. Mwezi mzima sikuandika wala sikuleta kamera, nikawa nauliza tu, naanika na kuuliza. Na niliposema kwamba nataka kutengeneza filamu, wazee walikataa mara moja, na sababu yao ilikuwa ya haki. Watu wa mialo ya Mwanza hawajasahau ile filamu ya mwaka 2004 aliyopiga hapa Mzungu kuhusu sangara na ndege za mizigo, iliyozunguka dunia nzima na kushinda tuzo, mpaka Rais Kikwete mwaka 2006 akaizungumzia hadharani kwa uchungu. Mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili akaniambia, "Binti, na yeye alisema anapiga samaki. Tulikuja kusikia kwa watu kwamba tumepigwa sisi." Nikamuuliza, mzee wangu, ungetaka angefanyaje? Akanyamaza muda, akasema angerudi atuonyeshe kabla hajawaonyesha wengine.

Nikamuahidi hilo mbele ya mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwa maandishi, nikasaini. Safari hii nilisoma nilichosaini.

Kitu kingine walichokitoa ni sini ya mtumbwi kuzama. Nilikuwa nimeiandika, nikaona ndo itabeba filamu. Yule mzee akasema hapana, na hakupandisha sauti. Hapa watu wanaishi na tarehe, 21 Mei 1996 MV Bukoba, 20 Septemba 2018 MV Nyerere kule Ukara, na katikati yake kuna mitumbwi ambayo haikutangazwa redioni, kila boma lina mtu wake ambaye ziwa lilimchukua. Huwezi kuwaambia wacheze kuzama halafu jioni uwape soda. Nikaifuta ile sini, kurasa sita, na sijawahi kuijutia.

Vibali navyo vilichukua wiki tano. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Na. 4 ya 1976, unatakiwa uwe na kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga na kazi ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Vijana wengi huku mikoani wanaruka hatua hiyo halafu kazi ikishaiva wanakwama, usiruke, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako mapema atakuelekeza. Hela niliyokuwa nayo ni milioni mbili na laki nane, ya kikoba na ya kaka yangu na ya dagaa zangu mwenyewe. Tulikuwa watu watano nyuma ya kamera.

Ziwa ndo lilikuwa linapanga ratiba. Sini za usiku zote zikaenda kwenye siku za giza za kila mwezi, ukikosa unasubiri mwezi mwingine. Sini za maongezi ufukweni zote tukaweka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi kwa sababu maji yametulia, ikishafika saa tano upepo unaanza kuja kutoka ziwani na hapo hurekodi maongezi, unapiga picha za mikono na nyavu. Kijana wetu wa sauti alichuna manyoya ya mdoli wa mtoto wake akashona mfuko wa kuvalisha maiki, ulifanya kazi vizuri kuliko vingi nilivyoona Dar. Ndege nazo, uwanja wa ndege uko njia hiyo hiyo, ikipita tunasimama wote kimya tunasubiri mlio uishe kabisa, usidanganyike kwamba haisikiki. Ndani ya nyumba taa ilikuwa inapepesa kwenye picha ingawa kwa macho imetulia, tukaweka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde maana umeme wetu ni 50 Hz, ikaacha.

Waigizaji walikuwa wale wale akina mama, mimi nikacheza mwenzao anayemdhamini yule mama kwenye mkopo. Hatukuwapa laini za kukariri. Nilikuwa nawaambia hali ilivyo, leo ni Jumamosi, mvua imeisha, rejesho ni keshokutwa, wewe unafika unakuta hivi, endelea. Shida yake ni kwamba mtu asiyekariri harudii, teki ya pili anasema vingine na anashika beseni kwa mkono mwingine, sasa utaunganishaje? Tukaazima kamera ya pili, moja inamshika yeye karibu, nyingine inawachukua wote kwa mbali, zinaenda pamoja, teki moja ikitosha imetosha. Na Kisukuma nilikiacha, na Kijita, na Kikerewe, kila mtu aliongea kama anavyoongea akiwa mwaloni, chini tukaweka maandishi.

Sasa niwaambie kuhusu sini moja. Bibi mmoja, namwita bibi lakini ana nguvu kunizidi, ndo alikuwa anacheza yule mama aliyepigwa na mvua. Hatukutengeneza dagaa za kuigizia, tulisubiri mvua ya kweli na tukamnunulia mtu mzigo wake ulioharibika. Bibi akafika, akachuchumaa, akachota kiganja kimoja, akazisukuma dagaa taratibu kwa kidole gumba, zilikuwa zimeshikana kama uji ulioganda, akazinusa, akazirudisha chini mahali pale pale alipozitoa. Halafu akakaa anatazama mbele, vidole vyake vinagusa goti kimoja baada ya kingine. Mimi nyuma ya kamera nasubiri machozi. Miaka yote ya duara na miezi yote ya Dar inaniambia hapa mtu analia, watazamaji lazima waone. Nikasema kati, yaani simamisheni kamera, nikamfuata, nikamwambia bibi hapa naomba ulie kidogo.

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kitu cha ajabu. "Hapa mtu halii, mwanangu. Hapa mtu anahesabu."

Nikamuuliza ulikuwa unahesabu nini? Akanitajia. Ndoo ngapi zimeharibika, za kuku zitalipwa ngapi, nani anamdai, yeye anamdai nani, bati ngapi ziko juu ya nyumba yake na zikiuzwa ni shilingi ngapi. Vidole vilivyokuwa vinagusa goti vilikuwa vinataja vitu vya kweli, mpaka hesabu ilikuwa sahihi, niliijumlisha. Teki tuliyotumia ni ile ile ya kwanza, dakika mbili na nusu bila neno. Mimi nimejifunza uigizaji tangu 2006 na sijawahi kupewa somo kubwa kama lile. Nilikuwa najua kuonyesha uchungu, sikujua mtu mwenye uchungu huwa ana kazi anayofanya na mikono yake. Tangu siku hiyo, nikipewa nafasi ya kuigiza popote, siulizi tena huyu mtu anajisikiaje, nauliza anahesabu nini.

Tulimaliza, nikaediti miezi minne kwenye kompyuta ya kuazima, ikatoka dakika 38. Ahadi ni ahadi, ikarudi mwaloni kwanza, kwa waliocheza na familia zao tu. Tuliwaonyesha siku za mbalamwezi kwa sababu ndo siku wanaume wapo nchi kavu, na kwa kuwa nje kulikuwa kweupe mwenye kibanda umiza akatuachia ukumbi wake bure, mabenchi yakajaa, wengine wakasimama kwenye madirisha. Walipojiona walipiga kelele, walicheka, walipofika kwenye ile sini ya dagaa zilizolowa pakawa kimya mpaka unasikia jenereta nje.

Mwisho wangu ulikuwa hivi: yule mama usiku anakusanya nguo kwenye mfuko wa rambo, anapanda kivuko kwenda Ukerewe, anawaacha wenye mkopo wanabisha hodi nyumba tupu. Niliupenda sana ule mwisho. Picha ilikuwa nzuri, taa za kivuko zinaenda zinakuwa ndogo.

Taa zikawashwa na mimi kwa mazoea ya zamani nikasimama mbele nikauliza, jamani, huyu mama mnamuonaje? Mwanamke mmoja mbele akajibu kabla sijamaliza, "Mwizi." Nikashtuka. Akasema na mdhamini wake je? Wewe dada uliyecheza mdhamini, asubuhi wakija wanabeba godoro la nani? Mwingine akasema hapa hakimbii mtu, ukikimbia mwalo huu mwalo wa pili wanakujua, Ukerewe ndo kwanza kuna shemeji zake. Mwanaume mmoja akasema mbona watu wanakimbia kila siku, wakamgeukia wote, ikawa vurugu, saa nzima na zaidi, jenereta ikaishiwa mafuta wakaendelea gizani na tochi za simu. Mimi nilikaa chini mbele kule nikaandika kila kitu. Ilikuwa kama duara la Magu, tofauti ni kwamba safari hii igizo lilikuwa ukutani na bado waliingia ndani yake.

Mwisho akasimama yule bibi. Akasema huyu mama anarudi. Anarudi asubuhi kwa mdhamini wake, hasemi kitu, anakaa naye, wanaanika pamoja mpaka watakapoona. Nikamuuliza, na deni? Akasema deni litakuwepo, ndo maana wanaanika.

Niliomba wiki tatu. Giza liliporudi nikamuita kameramani, nikamuomba kijana wa sauti aje na mdoli wake, hela ilikuwa imeisha kabisa kwa hiyo walikuja kwa nauli tu. Tukapiga saa 12 na nusu asubuhi, mitumbwi imeshafika, maji yametulia. Bibi anakuja kutoka upande wa kulia na beseni, mimi nimeshakaa chini natandaza, anachuchumaa pembeni yangu. Sikumuangalia. Niliangalia mikono yake, nikasogeza wavu kidogo ili na yeye apate nafasi, na nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, godoro, sufuria mbili, baiskeli ya mume wangu, kwa sababu ndo vitu ambavyo yule mdhamini angepoteza. Sijui kilichoonekana usoni kwangu, wakati ule sikuwa nafikiria uso. Tulienda hivyo dakika nne, hakuna aliyesema kati, hata mimi nilisahau kwamba ni mimi niliyetakiwa kusema.

Bibi ndo alinyanyua kichwa akamtazama kameramani. "Imeingia hiyo?"

"Imeingia, bibi."

Akageuka akaangalia juu, upande wa ziwa, wingu lilikuwa limeanza kusimama kule. "Basi amkeni tuanue," akasema, "hizi ni dagaa za watu."